Jina la Babu Katika Kitabu cha Misioni

Ukimwuliza mtoto wa Goma, "Kwenu ni wapi?", atakutajia mara moja mtaa wake: Himbi, Katindo, Mabanga, Majengo, Ndosho. Ukimwuliza baba yake alitoka wapi, atasema Masisi, au Rutshuru, au Butembo, au ng'ambo ya mpaka. Lakini ukimwuliza jina la baba wa babu yake na mahali alipozikwa, mara nyingi atanyamaza na kumgeukia mzee aliyeketi pembeni amjibie. Siku hizi wazee wa namna hiyo wanapungua. Na wengine wamekimbia makwao mara mbili tatu, hata hawana tena jirani wa zamani wa kuwakumbusha yale waliyoyasahau.

Ndiyo maana, wasomaji wapenzi, tumeona yafaa kuzungumza nanyi leo juu ya kutafuta habari za ukoo katika vitabu na karatasi zilizowekwa. Twajua wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya wafalme. Ni kweli, wafalme walipata waandishi wao. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, aliyefariki mwaka 1981, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika nasaba ya wafalme wa nchi yake, kama ilivyohifadhiwa na watunza mapokeo wa baraza. Huku kwetu, mwaka 1956, mtaalamu Daniel Biebuyck aliandika utenzi wa shujaa Mwindo kutoka kinywani mwa Mnyanga Candi Rureke, nao ukapigwa chapa mwaka 1969. Lakini babu yako hakuwa mfalme, wala hakuwa Mwindo. Alikuwa mkulima, au mchungaji wa ng'ombe, au mchukuzi aliyebebeshwa masanduku ya askari wakati jeshi la Wabelgiji lilipokwenda kuuteka mji wa Tabora, mwezi wa Septemba 1916. Mtu kama huyo aliandikwa wapi kwa jina lake?

Kwa watu wengi wa zamani ni mahali pawili tu. Serikali ilimwandika ili alipe kodi. Misioni ilimwandika ili ijulikane kwamba amebatizwa.

Goma ni mji wa juzi

Kabla ya kubisha hodi mlangoni kwa paroko, yapasa kufahamu jambo moja ambalo limewapotezea wengi muda wao. Goma ulianza kama kituo kidogo cha Wabelgiji, kikikabiliana na kituo cha Wajerumani kule Kisenyi. Jimbo lenyewe la Goma lilisimamishwa mwaka 1959 tu, likitengwa na lile la Bukavu. Kwa hiyo karibu kila jamaa iliyo hapa mjini ilikuja kutoka mahali pengine, na anayetafuta habari za babu yake katika vitabu vya mjini anatafuta mto mahali unapoishia. Swali la kwanza la kumwuliza mzee si "tulikuja Goma mwaka gani", bali "tulipotoka, tulikuwa tunasali wapi?"

Mmoja atajibu kwamba walisali katika misioni ya kale ya Tongres-Sainte-Marie, kule Rugari. Mwingine atataja Jomba, au Bobandana penye pwani ya ziwa. Watu wa Beni na Lubero watataja misioni za Waasumpsionisti, walioanza kazi upande ule mwaka 1929. Vitabu vyao viko katika Jimbo la Butembo-Beni. Na wengine watataja Nyundo, misioni iliyofunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1901 katika nchi ya Bugoyi, mwendo wa masaa machache tu kutoka hapa kwa miguu. Msomaji asishangae. Mpaka tunaouona leo kati ya Goma na Gisenyi ulipatanwa kule Brussels mwaka 1910 na watu ambao wengi wao hawakupata kuliona ziwa letu. Ndugu walilala upande mmoja wakaamka pande mbili, na vitabu vya misioni vikagawanyika kama wao.

Kitabu cha wabatizwa

Desturi ya kuandika vitabu hivi ni ya kale kuliko misioni zetu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaamuru maparoko kuandika ndoa pamoja na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Na kitabu cha ibada kilichotolewa Roma mwaka 1614 kikaongeza kipaimara, vifo, na hali ya kila jamaa ya parokia. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie kule Alger mwaka 1868, walipofika nchi zetu walikuja na desturi hiyo mikononi.

Katika misioni za zamani mistari imeandikwa mara nyingi kwa Kilatini. Lakini asiogope mtu. Maneno ni machache nayo yanarudiarudia. *Natus* au *nata* maana yake amezaliwa. *Circa* maana yake yapata: padri hakujua mwaka, akakisia kwa kumtazama mtu usoni. *Patrinus* na *matrina* ni wasimamizi. *Uxor* ni mke. *Obiit* ni amekufa. Na ukiona *in periculo mortis*, jua kwamba aliyebatizwa alikuwa hatarini mwa kufa, pengine mtoto mwenye homa usiku wa manane, na aliyemwagia maji yawezekana alikuwa katekista, au mama jirani.

Neno hilo la mwisho lina faida nyingine. Lavigerie aliwawekea mapadri wake kanuni kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka minne. Basi ukimkuta babu yako amebatizwa akiwa mtu mzima mwaka 1932, wala si katika hatari ya kufa, waweza kukisia kwamba tangu yapata mwaka 1928 alikuwa amekwisha kukaa karibu na misioni, au karibu na kigango chenye katekista. Mstari mmoja unakupa miaka minne ya maisha yake. Lakini kama alibatizwa kitandani, usihesabu hivyo.

Juu ya wasimamizi twataka kuonya kidogo. Jina la msimamizi laweza kuwa la ndugu, au la rafiki aliyemwongoza babu kwenye dini. Laweza pia kuwa la katekista aliyewasimamia watu wengi sana siku moja. Soma mistari ya juu na ya chini. Ukiliona jina lile lile likirudia mara kumi, usilitie katika ukoo wenu.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ile ambayo wengi huipita bila kuitazama, yaani ukingo wa ukurasa. Tangu mwaka 1908 ni sheria katika Kanisa kwamba mtu akifunga ndoa, habari hiyo ipelekwe parokia alikobatizwa na kuandikwa pembeni mwa jina lake. Huandikwa huko pia kipaimara, upadri, na nadhiri za kitawa. Kwa hiyo binti aliyebatizwa Rugari akaolewa mbali yuko bado Rugari, na pembeni mwa jina lake imeandikwa amekwenda wapi na kwa nani. Kitabu cha ubatizo ni kama nyumba ya mama: watoto wametawanyika, lakini habari zao zarudi pale.

Nasi watu wa Goma twajua thamani ya jambo hilo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliingia katikati ya mji, ukaziteketeza nyumba za watu wengi na kulifunika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mlima huo ulikuwa umekwisha kumwaga moto tarehe 10 Januari 1977, ukamwaga tena tarehe 22 Mei 2021 upande wa Buhene. Masanduku mangapi ya karatasi za jamaa yalikwenda na moto, nani awezaye kuhesabu? Lakini ndoa iliyofungwa mjini na hati yake ikaungua yaweza kuwa imeandikwa ukingoni mwa kitabu cha kijiji ambako moto haukufika. Tena, sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwaagiza maparoko kupeleka kila mwaka nakala ya vitabu vyao kwa askofu. Hatuwezi kuahidi kwamba kila paroko aliifuata kila mwaka, maana kulikuwa na vita, na kulikuwa na maparoko wavivu. Lakini kabla ya kukata tamaa uliza, na kwa miaka ya kabla ya 1959 uliza Bukavu.

Majina yanayobadilika

Watu wa Ulaya wakitafuta ukoo hufuata jina moja kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Kwetu njia hiyo haifiki mbali. Katika jamaa zisemazo Kinyarwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, wala halifanani na la baba. Hata mapacha wana majina yao, Gakuru na Gato. Kwa Wanande jina hutokana na mpango wa kuzaliwa: Kambale ni mwana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Jina linakuambia nafasi ya mtoto, lakini halikuambii ni mtoto wa nani, na katika parokia moja mtakuwa na akina Kambale wasiohesabika. Kwa hiyo usiende kwa karani wa parokia na jina moja tu. Nenda na jina la mtu, la baba yake, la mama yake, na la kilima walichokaa. Jina la mama ndilo linalosahauliwa sana, nalo ndilo mara nyingi linalofungua mlango.

Halafu liko jambo la mwaka 1972. Rais Mobutu, aliyekuwa ameitwa Joseph-Désiré, aliacha jina lake la ubatizo na kuwaamuru raia wote wafanye vivyo hivyo. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, ikampasa kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Basi mtu yule yule ni Petro katika kitabu cha mwaka 1950, ana majina matatu ya kienyeji katika kitambulisho cha mwaka 1975, na baada ya 1990 amekuwa Petro tena. Tumeona jamaa zikibishana kama hao ni watu wawili. Ongeza na mwandiko: padri Mbelgiji aliandika jina kama alivyolisikia kwa sikio lake, na Mjerumani wa Kisenyi aliliandika vingine. Lisome kwa sauti, usilisome kwa macho tu. Na ukilinakili liandike kama lilivyo, hata kama lina kosa; maelezo yako yakae chini yake.

Tuweke mfano. Tumeutunga, lakini kila kipande chake waweza kukikuta. Msichana wa Mabanga, mwanafunzi wa sekondari, anamwuliza bibi yake mwaka aliozaliwa.

"Mjukuu wangu, sisi hatukuhesabu miaka. Mama alisema nilikuwa bado mgongoni, moto wa mlima ulipoingia ziwani upande wa Sake."

"Na kitambulisho chako mbona kinasema 1945?"

"Hayo ni ya karani. Aliniuliza, nikamwambia andika."

Sasa msichana ana kazi, nayo si ngumu. Moto ulioingia ziwani upande wa Sake ulitoka Nyamulagira kati ya 1938 na 1940. Mtoto wa mgongoni atakuwa amezaliwa yapata 1937 hadi 1939. Basi katika kitabu cha wabatizwa asianzie 1945, aanzie 1937. Wazee wetu wana kalenda yao, na aijuaye atafika mahali ambapo karani hakufika. Njaa ya Rumanura ni ya 1917 na 1918. Rwakayihura ni ya 1928 na 1929. Ruzagayura ni ya 1943 na 1944, nayo iliwaleta watu wengi upande huu. Vita vinavyoitwa vya Kanyarwanda, katika Masisi na Rutshuru, ni vya 1963 hadi 1965. Mwanafunzi anayeketi na mzee aanze kwa kuuliza habari za njaa na za moto, ndipo aulize habari za kuzaliwa.

Habari zisizotakiwa

Hapa twataka kusema waziwazi jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. Anayefungua kitabu cha zamani kutafuta babu yake yampasa awe tayari kumkuta kama alivyokuwa.

Mathalani, mtu aliyekuwa na wake wawili au watatu alipotaka ubatizo alitakiwa kubaki na mmoja. Kitabu cha ndoa kinaonyesha yule aliyebaki naye, mara nyingine pamoja na ruhusa iliyoombwa kwa askofu. Wale walioachwa hawamo. Walirudi kwao, au waliolewa pengine, na watoto wao wakakua kwa jina lingine. Hata leo ziko jamaa za Kikristo, zinazoheshimiwa parokiani, ambazo zina nusu yake kilima cha pili, wala hazisalimiani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1148, inamwagiza askofu aangalie kwamba mke aliyeachwa kwa sababu hiyo anapata mahitaji yake kwa haki. Katika siku za babu zetu mengi yalitegemea moyo wa mume na wa ukoo. Ukigundua kwamba bibi yako alikuwa na mke mwenza ambaye jina lake halikutajwa tena nyumbani, usilifiche jambo hilo katika daftari lako. Liandike. Huenda mjukuu wa mama yule anawatafuta ninyi, na kitabu cha ubatizo cha mtoto wa kwanza ndicho pekee chenye majina ya baba na mama pamoja.

Jambo la pili ni zito zaidi, kwani watu wameuawa kwa ajili yake. Katika Kivu swali "babu yako alifika lini?" limeulizwa na wenye panga na wenye sheria. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walikuwa na ofisi maalumu ya kuwahamisha watu kutoka Rwanda na kuwapa mashamba, zaidi katika Masisi, na makumi ya maelfu ya watu walivuka kwa njia hiyo. Wengine walikuwako kabla ya mzungu wa kwanza, na wengine walikuja kwa miguu yao wakati wa njaa. Halafu zikaja sheria za uraia. Sheria ya mwaka 1972 ilitazama waliokaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikaifuta, ikatazama makabila yaliyokuwako mwaka 1885. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 inatazama makabila yaliyokuwa katika nchi hii wakati wa uhuru, 1960. Miaka mitatu tofauti, na mzee yule yule mmoja akigeuka kutoka raia kuwa mgeni na kutoka mgeni kuwa raia, bila kuhama kibanda chake.

Padri aliyeandika kitabu cha ubatizo hakufikiri hata mara moja juu ya sheria hizo. Aliandika Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga na Mhavu katika ukurasa mmoja, mmoja chini ya mwingine, kadiri walivyosogea kwenye maji. Anayetafuta hati ya jamaa yake ili apate haki yake, na aitafute. Ni halali kabisa. Lakini anayeingia ofisini mwa parokia ili kuchungulia ukoo wa jirani, apate neno la kumshitaki, karani na amfungie kitabu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 487, yampa mtu haki ya kupata nakala ya hati zilizo za wazi zinazohusu hali yake mwenyewe. Haimpi haki ya kupekua nyumba za wengine.

Karatasi za serikali, na maktaba

Juu ya serikali tutasema kwa ufupi, maana mavuno ni haba. Zamani za Wabelgiji kila mwanamume mtu mzima aliandikwa katika kadi iliyotaja kijiji chake, sheferi yake, wake zake na watoto wake. Kadi hizo zilikaa katika ofisi za teritwari na za sheferi. Nyingi zimeliwa na mchwa, na mvua, na vita. Uliza hata hivyo, kwa upole, na usilipe kitu kisicho na risiti. Taarifa za mabwana teritwari zilipelekwa Ubelgiji, nazo ziko Brussels. Nyingine ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren. Karatasi nyingi za mashirika ya misioni zimewekwa Leuven, katika hifadhi iitwayo KADOC. Ikiwa babu alikwenda kufanya kazi katika migodi ya Katanga, kampuni ya Union Minière ilimfungulia faili, na Gécamines ndiyo iliyorithi karatasi za kampuni hiyo.

Hifadhi moja ya mbali yastahili kutajwa peke yake. Lavigerie aliagiza kila misioni iandike shajara, na shajara hizo ziko Roma katika nyumba kuu ya Mapadri Weupe. Humo hamna orodha ya watu. Mna mvua na njaa, mna mwami aliyekuja kuomba dawa, katekista aliyekufa, chui aliyeingia zizini, usiku mlima ulipowaka. Mara moja moja limo jina la mtu mdogo, kwa sababu siku ile alifanya jambo lililomfurahisha padri au kumkasirisha. Msomaji akumbuke tu kwamba ni macho ya padri yanayotazama. Kwa habari hiyo hiyo mzee wa kijiji angesimulia vingine, nasi tunahitaji kuwasikia wote wawili. Jan Vansina, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti iitwayo IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947, aliandika mwaka 1961 kitabu kizima kuonyesha kwamba masimulizi ya midomo yaweza kupimwa na kuaminiwa kama karatasi zinavyopimwa.

Taasisi hiyo ilikuwa na nyumba yake kule Lwiro, upande wa Bukavu, na maktaba yake ni hazina. Babu yako hutamkuta humo, lakini utakikuta kilima chake, na koo zilizokaa juu yake, na desturi za mahari na za mazishi zinazokueleza kwa nini mtu fulani alihamia kwa wajomba zake. Hapa mjini wanafunzi waulize kwanza katika maktaba za vyuo vikuu; na Wanande watafute vitabu vya Padri Bergmans, Mwasumpsionisti, juu ya watu wao.

Hatumwambii mtu afunge safari leo kwenda kila mahali tulipopataja. Tangu vita vilipozidi, na zaidi tangu mji ulipotekwa na M23 mwezi wa Januari 2025, njia nyingine zimekuwa za hatari, na babu aliyekufa zamani hawezi kuwa na haraka kiasi hicho. Barua yaweza kutangulia, au ujumbe katika simu, au mtu wa kuaminika anayekwenda upande huo. Wakati wa kungojea keti na wazee wa nyumbani, maana wao ndio hawatangoja. Andika katika daftari nani amekuambia, siku gani, na yeye aliambiwa na nani. Kisha fanya nakala mbili, na moja impelekee ndugu anayekaa mbali, Bukavu au Kisangani au popote, ili mlima ukiwaka tena usile zote mbili.

Barua kwa paroko yaweza kuandikwa hivi:

"Padri Paroko, Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mjukuu wa Maria fulani, aliyebatizwa katika misioni yenu kati ya 1937 na 1942. Baba yake aliitwa fulani, mama yake fulani, wa kilima fulani. Katekista wao aliitwa fulani. Wasema aliolewa Goma yapata 1957. Naomba, ukipata nafasi, unitazamie mstari wake wa ubatizo pamoja na yaliyoandikwa ukingoni, na majina ya wasimamizi. Naomba pia kujua kama wako watoto wengine wa baba huyo na mama huyo katika kitabu. Naambatanisha nakala ya kitambulisho changu, ili ujue kwamba mimi ni wa jamaa hiyo."

Tia ndani ya bahasha gharama ya karatasi na ya mjumbe, na nambari yako ya simu. Jibu likichelewa, ngoja mwezi kabla ya kuandika tena, na uchague majira ambayo si ya Noeli wala ya Pasaka. Paroko wa kijijini ana vigango vingi vya kuzungukia, na mara nyingi ndiye karani wake mwenyewe.